Leja, Rafu na Seva Iliyojaa

Kwa miaka 9 kazi yangu ilikuwa kuhesabu vitu vya watu wengine. Nilikuwa mtunza stoo. Mzigo ukiingia naandika, ukitoka naandika, na mwisho wa mwezi napanda ngazi, kalamu sikioni, kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye leja ndicho kilichopo rafuni. Mara nyingi havikulingana. Kikipungua kitu, mshahara nao unapungua, kwa hiyo nilijifunza mapema kutoiamini leja peke yake wala rafu peke yake.

Nayataja haya mwanzoni kwa sababu watu wakisikia kwamba siku hizi natunza mifumo ya wingu, hudhani nilifuta maisha ya zamani nikaanza ukurasa mpya. Sikufuta kitu. Nilichofanya ni kuhama stoo moja kwenda nyingine, na kilichonihamisha hakikuwa kozi wala cheti. Vilikuwa viti vya magurudumu. Nitafika huko.

Safari ilianza siku ofisi yetu ilipoamua kuachana na leja za karatasi. Akaja fundi, akafunga mfumo kwa siku mbili, akatuambia kila kitu sasa kipo winguni. Nikamuuliza, "Wingu lenyewe liko wapi?" Akacheka, akakunja nyaya zake, akaondoka. Swali likabaki kwangu. Jioni zile nikaanza kusoma, na nilichokikuta kilinifurahisha hadi nikacheka peke yangu: wingu ni stoo. Ni majengo yaliyojaa kompyuta zisizo na skrini, ndizo wanazoziita seva, mafeni yakivuma usiku na mchana, na wewe unakodi sehemu ya rafu kwa saa au kwa sekunde. Amazon walifungua ghala lao la kuhifadhi data, S3, Machi 2006, na Agosti mwaka huohuo wakaanza kukodisha kompyuta zenyewe. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa andiko fupi linaloeleza wingu kwa alama tano: unajihudumia mwenyewe bila kumwita mtu, unafikiwa kwa mtandao, vifaa vinatumiwa na wengi kwa pamoja, vinapanuka na kusinyaa haraka, na matumizi yanapimwa. Hiyo ya tano ndiyo iliyonifanya nikae wima. Kupimwa! Hiyo si ni leja?

Basi nikajifungia. Miezi sita ya video kila usiku baada ya kazi, daftari pembeni, macho mekundu asubuhi. Nikafanya mtihani wa ngazi ya kwanza wa Amazon, maswali 65 kwa dakika 90, na kufaulu ni alama 700 kati ya 1,000. Nikafaulu. Nikabandika cheti kila mahali panapobandikika, nikaanza kutuma maombi ya kazi. Nilituma 40 na kitu. Nikaitwa sehemu moja.

Aliyenihoji hakuuliza hata swali moja la mtihani. Alisema, "Hebu nieleze kitu kilichowahi kuharibika mikononi mwako, na ulifanya nini."

Nikakaa kimya. Kwenye mazoezi ya kozi hakuna kinachoharibika. Unabonyeza pale mwalimu alipobonyeza, kinawaka, unakifuta, unalala. Nilikuwa na cheti na sikuwa na kovu hata moja. Nikababaisha kitu kuhusu stoo, kuhusu makatoni yaliyoloweshwa na paa linalovuja, naye akatabasamu kwa adabu, lile tabasamu ambalo ukiliona unaanza kukusanya vitu vyako.

Wakati huo nilikuwa nimeshajiunga na kundi la watu wa wingu linalokutana Jumamosi. Makundi ya aina hii yapo dunia nzima. Mengine yako chini ya jina la kampuni fulani ya wingu, mengine yanajikusanya kwa ajili ya Kubernetes, programu ya kupanga kazi kwenye seva nyingi, mengine hayana mwavuli wowote zaidi ya chumba cha kuazima. Nilikuwa nakaa viti vya nyuma, nasikiliza, naondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Jumamosi baada ya usaili ule nikabaki. Nikamfuata dada anayeratibu kundi, mhandisi wa siku nyingi, nikamweleza aibu yangu yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, nina kazi mbili hapa. Moja ni kupanga viti, nyingine ni kuandika kumbukumbu za kikao. Anza na zote."

Kupanga viti hakuna la kusimulia. Kuandika kumbukumbu ndiko kulikonibadilisha, maana ukipewa kuandika mazungumzo usiyoyaelewa una njia mbili tu, uandike uongo au uulize. Nikawa naitwa mtu wa "samahani, rudia hapo". Na kwa kuwa niliandika kwa Kiswahili, kila neno lilinidai maana yake kabla halijakubali kukaa kwenye karatasi. Kile chombo kinachogawa wageni wa tovuti kwenye seva kadhaa, nilikielewa nilipomkumbuka yule kijana aliyekuwa akisimama mlangoni pa stoo siku za msongamano, akielekeza watu: wewe dirisha la pili, wewe la tatu, la kwanza limefungwa. Kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe popote, halikunisumbua hata kidogo. Mtu aliyepokea mizigo anajua raha ya boksi lenye vipimo vilevile bila kujali ndani kuna nini, na kampuni ya Docker walipokuja na lao mwaka 2013 waliazima picha hiyohiyo ya bandarini. Hata Kubernetes, jina linalotisha watu, ni Kigiriki cha mshika usukani. Nahodha, basi. Kazi yake ni kuamua kontena gani likae wapi, na likizama, lingine liwashwe.

Miezi mitatu nikaandika kumbukumbu. Kisha ikaja kazi yenyewe.

Kulikuwa na chama cha kujitolea kinachoazimisha viti vya magurudumu, magongo na vitanda vya wagonjwa kwa watu waliotoka hospitalini. Unaazima bure, ukipona unarudisha. Orodha yao yote ilikuwa kwenye faili moja la Excel ndani ya kompyuta ya mama mmoja, na kompyuta hiyo ilikuwa imeshakufa mara moja na kufufuka kwa bahati. Waliomba kundi letu liwasaidie. Nilitazama chumba kizima kikiinamia simu. Mimi nikanyoosha mkono bila kufikiri, kwa sababu nilichokisikia mimi hakikuwa mradi wa teknolojia. Nilisikia watu wanaopoteza vitu vyao stoo.

Vijana wawili wakajitokeza kunisaidia, wote wakali, na wote walitaka tusimike Kubernetes. Dada mratibu akauliza, "Vifaa viko vingapi?" Nikajibu 212. Akawageukia wale vijana: "Sasa nahodha wa nini kwenye mtumbwi?" Tukaishia na seva moja ndogo inayoendeshwa na mfumo wa Linux, yenye diski ya gigabaiti 20, hifadhidata, na ukurasa wenye fomu mbili, ya kutoa na ya kupokea. Nakala ya kila usiku ikawa inatumwa kwenye ghala la S3. Nilitaka pia kila kitu kielezwe kwa maandishi ya Terraform, chombo kinachojenga seva kwa kusoma maelezo uliyoyaandika, ili seva ikifa tuijenge upya kwa amri moja. Kazi hiyo ilinichukua wiki tano. Mtu mwenye uzoefu angeimaliza kwa siku moja.

Makosa yalianza mapema. La kwanza lilikuwa la bili. Nilipokuwa najaribu mtandao wa ndani niliacha wazi lango la kutokea, lile linaloziwezesha seva zilizofichwa zifike intaneti. Lango hilo linatozwa kwa kila saa linalokuwepo, lipitishe kitu lisipitishe. Sikujua. Mwisho wa mwezi nikaletewa bili iliyonifanya nikae chini, na nililipa mwenyewe kimyakimya kwa sababu niliona haya. Dada mratibu alipogundua alinikasirikia, si kwa lango, kwa kimya changu. Siku hiyohiyo tukaweka kengele za bili. Ningekushauri uziweke kabla hujawasha hata kitu kimoja, lakini najua hutaweka mpaka nawe ikukute.

Sasa niisimulie ile Jumamosi.

Simu ilipigwa saa 3 asubuhi. Mama anayehudumia dirishani pale chamani anasema kuna mzee amerudisha kiti, anajaza fomu ya kupokea, anabonyeza kuhifadhi, haihifadhi. Ukurasa unafunguka vizuri, orodha inaonekana, ila kitu kipya hakiingii. Nikaingia kwenye seva. Ujumbe wa kwanza niliokutana nao ulisema kwamba hakuna nafasi iliyobaki kwenye diski. Nikaandika `df -h`, amri ya kuuliza diski imejaa kiasi gani, ikajibu asilimia 100. Gigabaiti 20 zote zimekwisha.

Haikunichukua muda kumpata mwizi. Kulikuwa na faili la logi, yaani shajara ya programu, lenye gigabaiti 13. Wiki mbili nyuma nilikuwa natafuta hitilafu ndogo, nikaiambia programu iandike kila inachokifanya, kila swali inaloiuliza hifadhidata, na nikasahau kuinyamazisha. Ongeza na zile roboti zinazozunguka intaneti zikibisha kila mlango usiku kucha, kila hodi ikiandikwa kurasa mbili. Nikalifuta faili kwa `rm`, nikashusha pumzi, nikaandika tena `df -h`.

Asilimia 100.

Nikadhani nimekosea. Nikatazama folda, faili halipo. Nikatumia `du`, amri inayopita kila folda ikijumlisha ukubwa wa mafaili, ikasema jumla ni gigabaiti 7. Amri moja inasema 7, nyingine inasema 20, kwenye diski ileile, dakika ileile. Jasho. Huku nyuma simu inaita tena, mama wa dirishani anauliza kama aandike kwenye karatasi. Nikamwambia aandike kwenye karatasi, na nakiri huo ndio uamuzi bora nilioufanya asubuhi nzima.

Nikampigia dada mratibu. Alikuwa na uwezo wa kuingia kwenye seva na kumaliza jambo kwa sekunde kumi. Hakuingia. Aliuliza tu, "du anahesabu nini, na df anahesabu nini?" Nikaanza kumjibu kwa sauti, kama mtu anayesoma: du anapita kwenye folda, anasoma majina, anajumlisha. Yaani anasoma leja. Na df anauliza diski yenyewe vipande vingapi vimeshikwa. Yaani anahesabu rafu. Nikanyamaza katikati ya sentensi.

Kitu kimefutwa kwenye leja na bado kipo rafuni! Nimeliona hilo mara ngapi? Karatasi inasema katoni limetoka, unakwenda kuangalia unalikuta palepale, kwa sababu kuna fundi anaendelea kulitumia na hataki kuliachia. Na Linux iko hivyohivyo. Jina la faili ni mstari tu kwenye folda unaoelekeza pale data ilipo. Ukifuta, unafuta ule mstari. Data yenyewe haiachiliwi mpaka programu ya mwisho iliyolifungua faili hilo iliachie. Na programu yangu ilikuwa bado imelifungua, bado inaliandikia, faili lisilo na jina, kwa bidii zote. Nikatumia `lsof`, amri inayoonyesha nani ameshika nini, nikalikuta: gigabaiti 13, pembeni limeandikwa kuwa limefutwa, na jina la mshikaji ni programu yetu. Nikaizima na kuiwasha upya. `df -h`. Asilimia 35.

Ningependa kukuambia hadithi iliishia hapo. Dada mratibu, aliyekuwa bado kwenye simu, akauliza kwa upole, "Na nakala za usiku ziko salama?" Bila shaka, nikasema, zinakwenda kila siku. "Umezifungua?"

Nikazifungua. Nakala ya jana ilikuwa na baiti 0. Ya juzi na ya siku iliyoitangulia zilikatika katikati. Programu ya nakala ilikuwa inaandaa kifurushi kwenye diski ileile kabla ya kukituma, na diski ilivyozidi kujaa, kifurushi kilizidi kukatwa. Kila asubuhi S3 ilipokea faili, likatunzwa kwa ule uimara wanaojivunia wa asilimia 99.999999999, tisa kumi na moja, na ndani halikuwa na kitu. Nilikuwa nimehifadhi maboksi matupu katika stoo imara kuliko zote duniani.

Hatukupoteza data, maana hifadhidata yenyewe ilikuwa nzima. Bahati tu. GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, hawakuwa na bahati hiyo Januari 2017: mhandisi wao aliyekuwa amechoka usiku alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, na walipokimbilia nakala wakakuta njia tano walizokuwa nazo hazifanyi kazi inavyotakiwa. Waliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono kama saa sita kabla ya ajali. Walichokifanya baada ya hapo sikuamini nilipokisoma mara ya kwanza. Walirusha kazi ya ukarabati moja kwa moja YouTube, kila mtu akitazama, kisha wakachapisha maelezo kamili ya kilichotokea.

Jioni ile dada mratibu aliniomba niandike ripoti. Nikaganda. Nilikotoka mimi, karatasi inayoeleza upotevu ina mstari mmoja muhimu, nao ni jina la mhusika. Nilishawahi kukatwa mshahara kwa mashine ya kuchomelea ambayo mpaka leo naamini ilitoka getini usiku kwa ruhusa ya mkubwa fulani. Nilisaini. Tangu siku hiyo nilijifunza kuandika ripoti kwa namna ya kusema kidogo iwezekanavyo, na wenzangu wote wa stoo walijifunza vilevile, ndiyo maana upotevu haukupungua hata siku moja. Kwa hiyo rasimu yangu ya kwanza kwa kundi ilikuwa na sentensi nne, zote za kutubu. "Nilikuwa mzembe" ilikuwemo mara mbili.

Akairudisha. Akaniambia uzembe si maelezo. Kama jibu ni kwamba wewe ni mzembe, basi tiba ni kumtafuta mtu asiye mzembe, na huyo hajazaliwa. Andika saa, andika ulichokiona, andika ulichodhani wakati huo, halafu tujiulize kwa nini mfumo ulikuruhusu. Alinipa mfano wa Februari 28, 2017. Fundi wa Amazon alikuwa akishughulikia tatizo la mfumo wa bili wa S3, akaingiza amri ya kuondoa seva chache, akakosea sehemu moja ya amri, zikaondoka nyingi. Tovuti nyingi duniani zikayumba kwa karibu saa nne, na hata ukurasa wao wa kutangaza hali ya huduma ukashindwa kubadilika kwa sababu nao ulikuwa umejengwa juu ya S3 ileile. Maelezo waliyoyachapisha hayana jina la fundi. Yana kitu kingine: kwamba chombo kiliruhusu kuondoa seva nyingi mno kwa haraka mno, na kwamba sasa wamekibadilisha kisiruhusu.

Niliandika upya kwa siku tatu. Ikafika kurasa mbili. Nilipiga na hesabu, maana hesabu ndiyo lugha yangu: mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Ukiahidi huduma ipatikane kwa asilimia 99.9, umejiruhusu dakika 43 tu za kulala. Sisi tulilala dakika 190. Nilikuwa nimekula mgao wa zaidi ya miezi minne kwa asubuhi moja. Mwisho nikaorodhesha tulichokibadilisha: logi zinazungushwa na kukatwa kila siku, kengele inalia diski ikifika asilimia 80, kifurushi cha nakala kinapimwa ukubwa kabla ya kutumwa, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mtu anaifungua nakala kwenye seva ya majaribio na kuhesabu vifaa. Ile ya mwisho niliidai mwenyewe. Ni kuhesabu stoo tu, na nilishangaa kugundua kwamba wahandisi wengi hawana mazoea nayo.

Naomba niseme na upande ambao wasimulizi wa habari hizi huupita juu juu. Kazi ya kujitolea inaweza kukula. Kuna mwezi nilikuwa napigiwa simu usiku kwa mambo kama nenosiri lililosahaulika, huku asubuhi natakiwa stoo. Kuna kampuni, sitaitaja, iliyotuletea "fursa ya kujitolea kwa vijana" ambayo ukiikuna kidogo unakuta ni kazi yao ya kulipwa wanayotaka ifanywe bure. Tuliikataa, ingawa baadhi yetu tulitamani. Na si kila mtu ana Jumamosi. Mwenye watoto wadogo, mwenye zamu mbili, akiambiwa "jitolee upate uzoefu" anaambiwa kitu kisicho na maana kwake. Mimi nilikuwa na Jumamosi kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu aliyezibeba zake na zangu, na jina lake halimo kwenye ripoti yoyote. Baada ya mwezi ule wa simu za usiku tuliandikiana na chama karatasi ya nusu ukurasa: saa za kupiga, nani apigwe kwanza, na kwamba usiku wanaandika kwenye daftari. Hakuna mgonjwa aliyekosa kiti kwa sababu hiyo.

Wala sivitukani vyeti. Kile changu kilinipa majina ya vitu, na bila majina huwezi hata kuuliza. Ipo pia mitihani inayokuweka mbele ya mashine hai, kama ule wa usimamizi wa Kubernetes, CKA, ambao ni saa mbili za kutengeneza na kurekebisha mambo kwenye skrini nyeusi, hakuna la kuchagua A au B. Na mwaka 2020 Forrest Brazeal alianzisha changamoto ya kujenga wasifu wako winguni: unaanza na cheti, unajenga tovuti yenye kaunta ya wageni, hifadhidata, majaribio, mitambo ya kuchapisha mabadiliko, na hatua ya mwisho kabisa ni kuandika ulichojifunza. Wengi wanaishia kabla ya hatua hiyo. Mimi ningeianza nayo.

Kazi niliipata mwaka uliofuata. Niliitwa usaili mahali pengine, na swali likaja lilelile karibu neno kwa neno, mpaka nikajiuliza kama wanafundishwa chuo kimoja. Safari hii nilifungua kompyuta nikawasomea ripoti. Tulikaa saa nzima kwenye yale mafaili ya baiti 0. Mmoja wao alitoka kidogo, na baadaye nilikuja kujua alikwenda kuziangalia nakala zao.

Nilianzia chini. Cheo cha mdogo kuliko wote, nikiwa na umri mkubwa kuliko wote, zamu za usiku, na mshahara ambao mwanzoni haukuzidi wa stoo kwa lolote la kujivunia. Wiki ya pili nikapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kupunguza bili. Wenzangu waliiona adhabu. Mimi nilivua saa nikaiweka mezani. Diski ambazo seva zake zilishazimwa zamani na hazijashikwa na yeyote, ila zinalipiwa kila mwezi. Anwani za intaneti zilizokodiwa zikasahaulika. Seva za majaribio ya mtu aliyeacha kazi. Hakuna kilichokuwa na lebo. Nikaanzisha kanuni kwamba kila kitu kinachowashwa kiwe na lebo ya mwenye nacho, kazi yake na tarehe ya kupitiwa tena. Mkuu wangu aliniuliza nimejifunzia wapi utaratibu huo.

Seva ya viti vya magurudumu bado ipo. Vifaa vimefika 300 na zaidi, na mtumbwi bado hauhitaji nahodha. Siitunzi peke yangu tena. Kuna dereva wa malori aliyejiunga na kundi, naye amekaa viti vya nyuma, naye amepanga viti na kuandika kumbukumbu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliopita ilikuwa zamu yake kufungua nakala, akifuata mwongozo nilioandika mimi. Nilikaa pembeni yake, mikono nimeikalia ili isirukie kibodi.

Akafika hatua ya 7, akasimama. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. "Kaka," akasema, "hapa unasema niandike jina la seva ya majaribio. Lakini mfano uliouweka ni jina la seva yenyewe."

Nikasogeza kichwa. Alikuwa sahihi. Angenakili mfano wangu kama ulivyo, angemwaga data ya zamani juu ya data hai. Mwongozo ule nilikuwa nimeutumia miezi mitano, nikiandika jina sahihi kwa mazoea ya vidole bila kusoma nilichokiandika mwenyewe.

Nikamwambia arekebishe yeye, na mabadiliko yaingie kwa jina lake. Akauliza Git, daftari letu la kutunza kila badiliko na jina la aliyelifanya, inataka nini kwanza. Nikavuta kiti.